Ndagala kwanza, mkebuka baadaye

Mgeni wa heshima akiingia nyumba ya mji wa Baraka, kwetu Fizi kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, hapikiwi ndagala, labda iwe hakuna njia nyingine. Mtoto hutumwa mbio ufukoni kutafuta mkebuka mbichi, yule ambaye Waburundi humwita mukeke na watu wa Kigoma mgebuka. Samaki hukaangwa, akatiwa mchuzi wa nyanya, na bugali ukasongwa mwingi. Ndagala ni wa siku nyingine zote. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tunavyowalea watoto wetu: samaki mkubwa ni wa furaha, samaki mdogo ni wa shida. Mimi naipinga imani hiyo, na naipinga kwa sababu ya mwili wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, na kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha, ndagala anayeliwa mzima ni bora kuliko mkebuka. Fizi inayo hazina hii mlangoni na inaihesabu kuwa chakula cha wasio na kitu.

Mkebuka simtukani. Ni samaki mzuri, na mbele nitamtetea. Lakini hapa hatuulizi nani mtamu zaidi. Tunauliza ni nani anayemjenga mtoto vizuri zaidi kwa fedha ile ile ambayo mama anayo mkononi akifika sokoni.

Samaki wenyewe tunawajua. Ndagala wa Tanganyika ni wa aina mbili: yule mdogo anayeng'aa, ambaye wanasayansi humwita Stolothrissa tanganicae na urefu wake ni kama sentimita kumi, na lumbu, yaani Limnothrissa miodon, aliye mkubwa zaidi kidogo. Mkebuka, Lates stappersii, anaweza kukaribia nusu mita. Wote huishi katika maji ya wazi, wote huvuliwa usiku kwa taa, na mkebuka humfuata ndagala popote aendako kwa sababu ndiye chakula chake kikuu. Kwa maneno mengine, mkebuka ni ndagala aliyekwisha kuliwa mara moja. Na chakula kinapopita tumbo la samaki mwindaji, sehemu kubwa huishia kwenye kuogelea na kuishi tu. Kwa kawaida ni kama sehemu moja ya kumi inayogeuka kuwa mwili wake. Kilo moja ya mkebuka imegharimu ziwa kilo nyingi za ndagala.

Kuna sifa moja ya ndagala inayotangazwa sana, nayo haiko sawa kwa jinsi inavyosemwa: eti ana protini mara tatu ya nyama au ya samaki mwingine. Gramu 100 za ndagala mkavu zina protini karibu gramu 60, na gramu 100 za mkebuka mbichi zina 18 hadi 20. Hesabu ni ya kweli, ila huyu mkavu ametolewa maji. Kilo tatu hadi nne za ndagala mbichi hukauka zikabaki kilo moja. Ukiwalinganisha wote wakiwa wabichi, au wote wakiwa wakavu, protini zao zinakaribiana sana, tena ni protini nzuri kwa wote wawili. Anayemsifu ndagala kwa protini peke yake anamsifu kwa kitu ambacho mkebuka pia anacho.

Tofauti iko kwenye kile tunachokitupa. Mkebuka huliwa mnofu. Matumbo yake yalitolewa ufukoni, miiba inabaki pembeni ya sahani, kichwa kinakwenda kwa mtu mmoja. Ndagala huingia tumboni na kila alicho nacho: miiba, kichwa, macho, ini. Kalsiamu ya samaki imo kwenye miiba. Mnofu wa samaki mkubwa una makumi machache tu ya miligramu za kalsiamu katika gramu 100. Maziwa ya ng'ombe yana kama 120. Ndagala mkavu na miiba yake anavuka 1,000, kiasi ambacho mtu mzima anakihitaji kwa siku nzima. Watu wa Mboko, Abeka, Baraka, Sebele na Kazimia hawana mazoea ya kunywa maziwa, kwani ng'ombe wako juu milimani na maziwa yao hayashuki hadi huku ziwani. Ndagala ndiye maziwa yetu. Zinki na madini ya chuma nayo ni mengi zaidi kwenye viungo vya ndani na miiba kuliko kwenye mnofu mweupe, na vitamini A hukaa hasa kwenye ini na macho. Mwaka 2019 Christina Hicks na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hesabu za virutubisho vya samaki wa baharini wa dunia nzima, wakaonyesha kwamba nchi nyingi zenye watoto wenye upungufu wa madini na vitamini zina samaki wa kutosha kuuziba upungufu huo katika maji yao wenyewe. Ila samaki hao hawafiki kwenye sahani za wanaowahitaji. Walipima bahari, lakini ukitembea kutoka ufukoni hadi mitaa ya nyuma ya Baraka utaona jambo lile lile.

Ndiyo maana naumia nikimwona mama amekaa kwenye kigoda, sinia la ndagala mapajani, anavunja vichwa. Kidole gumba kinasukuma, kichwa kinakatika, na uzi mwembamba wa utumbo unachomoka pamoja nacho. Anafanya hivyo kwa mapenzi. Vichwa vina uchungu kidogo, naye anataka mboga iwe safi, asije akasemwa na mawifi. Akimaliza, kuku wanaozunguka kigoda chake wamekula macho, maini na sehemu ya miiba, na mtoto amebakiwa na mnofu na uti. Amemgeuza ndagala kuwa mkebuka mdogo.

Mkebuka naye ana taratibu zake nyumbani. Baba hupewa kipande cha katikati, mgeni huheshimiwa kwa kichwa, wakubwa hugawana mkia, na mtoto wa miaka miwili huambiwa achovye mchuzi asije akakwama na mwiba. Ndagala hana cheo. Akipondwa na kutiwa kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kila anayechovya tonge anampata, hata mdogo kuliko wote.

Kwetu jambo hili lina uzito kuliko kwa watu wa nchi za mahindi na maharagwe, kwa sababu bugali wetu ni wa muhogo. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Protini yake ni gramu moja au mbili katika gramu 100, wakati ya mahindi hufika nane au tisa. Mtoto anaweza kula bugali mara mbili kwa siku, tumbo likajaa, na mwili ukabaki na njaa ile ile. Ndiyo bwaki tunayoifahamu Kivu nzima: miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na kunyofoka, mtoto hataki kucheza wala kuguswa. Na kabla ya bwaki kuna udumavu, usioonekana kwa macho ya mzazi kwa sababu watoto wote wa jirani nao ni wafupi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 uliwakuta watoto 43 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa, na katika Kivu Kusini walikuwa zaidi ya nusu. Jimbo lenye Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, samaki wanamulikwa kwa taa kila usiku, na nusu ya watoto hawafikii kimo chao.

Muhogo una neno lingine. Ule mchungu una sianidi, na ukilowekwa kwa haraka, kama watu wanavyofanya wakiwa wakimbizi au wakati wa njaa, sumu hiyo haiishi. Mwili unao uwezo wa kuiondoa, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, nayo hutoka kwenye asidi-amino ambazo samaki, nyama na mayai wanazo kwa wingi na muhogo unazo kidogo sana. Mtu anayekula muhogo mchungu mtupu anabaki na sumu mwilini. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiorudi nyuma, umewapata watu katika sehemu kadhaa za Kongo zenye chakula cha namna hiyo, na wakati wa vita umeripotiwa hata katika jimbo letu. Kuloweka muhogo siku za kutosha ndiyo kinga ya kwanza. Samaki kila siku ni kinga ya pili. Hapa mkebuka angefaa sawasawa na ndagala, isipokuwa kwamba katika nyumba nyingi mkebuka huja mara moja moja, na ndagala anaweza kuja kila siku, hata kwa ngumi moja tu.

Lazima niseme pia udhaifu wake, kwa sababu wanaomsifu huuruka. Jua linalomkausha ndagala huharibu sehemu kubwa sana ya vitamini A aliyokuwa nayo majini. Kwa hiyo ndagala mkavu ana kalsiamu, chuma, zinki, protini na vitamini B12, lakini kwa macho na kinga ya mtoto usimtegemee yeye peke yake. Bahati yetu ni kwamba Fizi ni nchi ya michikichi. Mawese mekundu yamejaa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na sharti moja tu ni kwamba yasichomwe motoni mpaka yakawa meupe, kwani hapo karotini imekwisha. Sombe iliyotiwa mawese mwishoni, pamoja na ndagala waliopondwa, ni chakula ambacho mtaalamu wa lishe asingekiongezea mengi: mafuta yanaleta kile ambacho jua limeondoa, na samaki anausaidia mwili kukichukua chuma kilichomo kwenye majani, ambacho peke yake kingepita tu. Kinachokosekana ni madini joto, ambayo samaki wa ziwa hawana kama wa baharini. Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, ilijulikana kwa watafiti tangu miaka ya 1960 kwa uvimbe wa shingo, na muhogo ulikuwa na mkono wake katika tatizo hilo. Chumvi yenye madini joto inunuliwe, hata kama ile nyingine ni rahisi kidogo.

Thamani ya samaki huyu mdogo iliwahi kutambuliwa na waliotawala kabla yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua vifaranga vya ndagala wa Tanganyika, wa aina zote mbili, wakavipandikiza Ziwa Kivu, ambalo halikuwa na samaki wa maji ya wazi. Aliyestahimili ni lumbu. Leo watu wa Bukavu na Goma wanamwita sambaza na wanamla kwa fahari, na wengi hawajui kwamba asili yake ni huku kwetu. Bukavu wanajivunia kile ambacho sisi tunaona haya kumwekea mgeni.

Turudi kwa mkebuka, maana kuna mambo mawili ya afya ambayo muuzaji hawezi kukuambia. La kwanza ni moshi. Ndagala ni mwembamba, jua la siku moja au mbili linamtosha. Mkebuka ni mnene, ataoza kabla ya kukauka, hivyo anayesafirishwa mbali hubanikwa juu ya moto. Moshi mzito wa kuni, hasa mafuta yanapodondokea makaa, huacha juu ya ngozi ya samaki kemikali ambazo zinajulikana kusababisha saratani. Mtu anayekula samaki wa moshi mara moja kwa juma asiwe na hofu. Lakini anayemla kila siku aondoe ngozi iliyokuwa nyeusi, na anayembanika atumie moto mdogo, ulio mbali na samaki.

La pili ni zebaki. Madini haya hupanda ngazi: kilichomo kidogo kwa ndagala hukusanyika kwa anayemla ndagala, na kikaongezeka tena kwa samaki wakubwa zaidi. Linda Campbell na wenzake walipima samaki wa upande wa Kigoma na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Waliiona zebaki ikipanda hivyo hivyo, ingawa samaki wengi walikuwa bado ndani ya kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Hiyo ni habari njema, na mkebuka wa leo aliwe bila woga. Ila Fizi ni nchi ya dhahabu. Misisi na Lubichako, penye machimbo, ziko ndani ya teritwari yetu, na wachimbaji wadogo wa Afrika wanaitumia sana zebaki kunasia dhahabu. Baadhi ya mito yetu huishia ziwani. Uvira ina kituo cha utafiti wa hidrobiolojia, tena cha miaka mingi. Serikali ya jimbo ikipe kituo hicho vifaa na fedha za kupima samaki wa pwani ya Fizi mara kwa mara, na majibu yasomwe kwenye redio za Baraka kwa lugha ambayo kila mama anaielewa. Mpaka hapo, mama mwenye mimba anayechagua samaki aliye chini ya ngazi amechagua salama zaidi.

Na sasa utetezi nilioahidi. Mkebuka mbichi aliyechemshwa ni laini, hana mchanga, na mzee asiye na meno au mgonjwa anayeinuka kitandani humla kwa urahisi kuliko ndagala. Mafuta yake ni mema kwa moyo. Mwenye ugonjwa wa jongo, ule unaovimbisha kidole gumba cha mguu usiku, ni afadhali apunguze ndagala, kwani samaki wadogo wanaoliwa na viungo vyote huongeza asidi inayouamsha ugonjwa huo. Mwenye shinikizo la damu amwogope ndagala aliyekaushwa kwa chumvi. Na mtu mzima mwenye afya ale yeyote ampendaye. Hoja yangu haiwahusu hao.

Kinachomharibia ndagala jina, kwa kiasi kikubwa, ni mchanga. Tembea ufukoni asubuhi, utakuta wamemwagwa chini kama mahindi, mbuzi wanapita, watoto wanakanyaga, mvua ikija wanazolewa pamoja na uchafu. Tonge linalokwaruza meno humfukuza mlaji, na si kosa la samaki. Upande wa Burundi, FAO ilisaidia kueneza vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini; samaki anakauka upesi zaidi kwa sababu hewa inapita chini na juu, hapati mchanga, na bei yake inapanda. Kichanja ni miti, misumari na wavu. Vyama vya wavuvi na vya mama wauzaji wa pwani yetu vinaweza kukijenga bila kungoja mradi. Tena tusisahau kipindupindu, ambacho hakijawahi kutuacha kwa muda mrefu: ndagala aoshwe kwa maji safi na apikwe mpaka achemke vizuri, hata kama ni mkavu kama ukuni.

Kisha kuna gunia. Ndagala wengi wazuri wa Fizi hawabaki Fizi. Hupakiwa kwenye malori na maboti na kwenda mijini, na sisi hubakiwa na waliovunjika. Biashara siipingi, kwani imewasomesha watoto wengi wa pwani hii. Ila mama anayeuza magunia matatu aweke kando kopo la nyumbani kwanza, la samaki wazima, kabla gunia halijashonwa. Mwezi mpevu unapokuja taa hazifanyi kazi, wavuvi hulala, na bei huruka. Na tangu mwaka 2024 nchi za ziwa hili zimeanza kusimamisha uvuvi miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Ziwa linapata joto na mavuno yanapungua, kwa hiyo pumziko hilo naliunga mkono. Lakini miezi mitatu ni mingi kwa mtoto wa mwaka mmoja. Mkebuka hawezi kuwekwa akiba muda wote huo. Ndagala aliyekauka vizuri, akifungwa pasipoingia unyevu, anaweza. Wanaopanga kufunga ziwa wapange pia akiba hiyo, hasa kwa nyumba za wavuvi na kwa wakimbizi wa kambi ya Lusenda, waliotoka Burundi tangu 2015 na ambao mgao wao si wa uhakika.

Kwa mama mwenye mtoto wa kuanza kula, njia ni fupi. Chagua ndagala wazima wanaong'aa, wasio na harufu ya kuoza. Waoshe haraka kwa maji safi, uwaanike tena au uwakaange bila mafuta mpaka wawe wakavu kabisa. Watwange pamoja na vichwa, uchekeche kwa chekecheo chembamba mpaka upate unga usio na mwiba wa kuchoma koo. Tengeneza wa juma moja au mawili tu, uufunge kwenye kopo kavu, maana unga uliopata unyevu huota ukungu. Kijiko kimoja kilichojaa, kama gramu kumi, kikitiwa kwenye uji unaochemka na tone la mawese, kinampa mtoto protini karibu nusu ya anayoihitaji siku hiyo, na kalsiamu zaidi ya ile ya robo kikombe cha maziwa. Uchungu wa vichwa hausikiki ndani ya uji.

Wauguzi wa vituo vya afya vya Fizi, waambieni akina mama hivyo siku ya kupima uzito, na kama inawezekana waonyesheni kwa chungu na mwiko. Akina baba, toeni fedha ya kopo moja la ndagala kabla ya fedha ya mkebuka wa Jumapili. Mtoto akitimiza miezi sita, samaki wake wa kwanza awe ndagala, na vichwa vyake viwemo.